Chura wa Mzee Park

Mshairi Yi Gyu-bo wa Korea, aliyeishi kati ya mwaka 1168 na 1241, alikuwa na kero inayojulikana na kila bwana mwenye mtumishi mjanja. Anaandika mashairi yake, jiwe la wino linakauka, anaita aletewe maji. Mtumwa yupo, anasikia, ila amejitia uziwi. Anaitwa tena na tena mpaka koo la bwana linakauka kama lile jiwe, na mwitaji mwenyewe ndiye anayekoma. Basi mshairi anamgeukia mtoto mwingine aliye hapo hapo mezani: mtoto wa kijani, ngozi laini kama johari, amepiga magoti kwa adabu, chupa mkononi, kutwa nzima anatia maji wala hakunji uso. Fadhila zako nizilipe kwa nini? anamuuliza. Jibu analitoa mwenyewe: nitakutunza usivunjike.

Mtoto huyo alikuwa wa udongo. Alikuwa kidau cha maji, chombo ambacho Wakorea wanakiita yeonjeok. Shairi lile linatuonyesha kwamba tangu enzi za Goryeo, ufalme uliotawala Korea hadi 1392, kabla hata ya vyombo vya kauri nyeupe kushika nafasi, wasomi wa Korea walizungumza na vyombo vya meza ya kuandikia kama mtu anavyozungumza na mwanawe au na paka wake. Lakini kuna jambo jingine ambalo si la kupitwa haraka. Ndani ya shairi moja wamo watumishi wawili: wa udongo anayesifiwa, na wa nyama na damu anayeitwa mvivu. Huyu wa pili tutamrudia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana vitu hivi vikishafungiwa kwenye kabati la kioo la makumbusho watu husahau kuwa vilikuwa vyombo vya kazi. Wino wa Asia Mashariki haukuja kwenye chupa. Ulikuja mkavu, umeshindiliwa kama mche wa sabuni: masizi yaliyokandwa kwa gundi ya wanyama. (Wazee wetu wa pwani waliosoma chuoni kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi hawatashangaa.) Msomi huweka matone machache ya maji juu ya jiwe, kisha huusugua mche wa wino taratibu, duara juu ya duara, mpaka maji yawe meusi na mazito kadiri anavyotaka. Maji yakizidi, herufi zinatawanyika kwenye karatasi kama chai iliyomwagika. Yakipungua, brashi inakwaruza. Mambo yote yako kwenye tone.

Sasa chukua kidau cha umbo la tunda la pichi, ukubwa wake kama ngumi ya mtoto wa miaka kumi. Juu kina tundu dogo. Pembeni, kwenye ncha ya tunda au kwenye jani, kina tundu jingine jembamba zaidi. Ukikizamisha kwenye beseni kinatoa mapovu mpaka kijae. Ziba tundu la juu kwa kidole cha shahada, kiinamishe: hakitoi kitu. Hewa haijapata pa kuingilia, basi maji nayo hayana ruhusa ya kutoka. Legeza kidole kidogo tu, linadondoka tone moja. Ziba. Legeza tena, la pili hilo. Mkono mmoja umemaliza kazi yote, wa pili uko huru kushika mche wa wino. Hakuna kifuniko, hakuna bomba, hakuna kitu cha kuharibika mpaka chombo chenyewe kianguke sakafuni. Wajuzi wa kale wa China waliwaonya wasomi dhidi ya vidau vya shaba, wakisema maji yakilala ndani yake huharibu nywele za brashi. Kauri haina kutu wala harufu.

Tone kwa tone, shughuli hii ilikula umri wa watu. Kim Jeong-hui (1786–1856), bingwa wa mwandiko ambaye Wakorea wanamwita Chusa, aliandika katika barua kwamba alisugua mawe kumi ya wino mpaka yakatoboka, na brashi elfu moja zikaisha nywele mkononi mwake. Mtu wa namna hiyo hushika kidau chake cha maji mara nyingi kwa siku kuliko anavyoshika kikombe cha chai. Haishangazi kwamba alitaka kiwe na sura.

Na sura zilikuwepo za kila namna. Katika enzi ya Joseon, iliyodumu toka 1392 hadi 1910, matanuri ya Korea yalitoa vidau vya maji vya umbo la pichi, mchemraba, pete, samaki, chura, nyumba ndogo yenye paa la vigae, mnyama wa hadithi aitwaye haetae ambaye ni kinga dhidi ya moto, hata safu nzima ya milima ya Geumgang na vilele vyake vimepangana kama meno. Pamoja navyo kulikuwa na makopo ya brashi yaliyotobolewa-tobolewa maua ya yungiyungi au mizabibu mpaka mwanga unapita, vyombo vya kuoshea brashi, vizito vya kukandamiza karatasi, na mara chache hata mawe ya wino ya kauri. Marafiki wanne wa chumba cha kusomea, kama Wakorea walivyoviita, ni brashi, karatasi, wino na jiwe lake. Kidau cha maji hakimo kwenye hesabu hiyo. Ni kama yule jamaa ambaye jina lake haliko kwenye kadi ya harusi, lakini ndiye anayechekesha ukumbi mzima.

Mahali pake palikuwa sarangbang, chumba cha bwana wa nyumba, kilichotengwa upande wa mbele mbali na jiko na vyumba vya wanawake. Humo alisoma, alilala, alipokea wageni. Sakafu ilipashwa moto kwa moshi uliopitishwa chini yake, watu waliketi chini, na kwa hiyo samani zote zilikuwa fupi. Meza ya kuandikia haikupita magoti. Mgeni akishaketi, kitu kilicho karibu zaidi na macho yake ni hicho kidau, tena kiko umbali wa kunyoosha mkono. Ukutani hapakuwa na mengi. Tabaka la yangban, wenye elimu na vyeo, lilijinadi kwa mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na mafundisho hayo yalidai kiasi: mavazi ya kiasi, chakula cha kiasi, chumba kisicho na makuu. Wasomi wa tabaka hilo, nikumbushe, ndio waliochora mwaka 1402 ramani ya dunia inayoonyesha Afrika ikiwa na ncha yake ya kusini na ziwa kubwa katikati, karibu miaka mia moja kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Walichora kwa brashi na kwa wino uliolowanishwa tone kwa tone namna hii hii.

Hapo ndipo ninapotaka kubishana na maelezo tuliyozoea. Ukisoma vitabu na vibao vya makumbusho kuhusu kauri ya Joseon utaambiwa habari ya weupe: usafi wa moyo, unyenyekevu, ukimya. Maelezo hayo yana msingi. Mwandishi wa karne ya 15, Seong Hyeon, anasema vyombo vya Mfalme Sejong, aliyetawala 1418 hadi 1450, vilikuwa vya kauri nyeupe tupu. Mitungi mikubwa ya duara inayoitwa mitungi ya mwezi, iliyofinyangwa karne ya 17 na 18, ni myeupe na mitulivu kweli. Lakini mtungi hukaa kwenye kona ya ukumbi na kuhubiri. Meza ya kuandikia ndiko mwenye nyumba alikojiachia. Ukitaka kumjua mtu, usiangalie alichoweka mlangoni. Angalia anachokichezea mkononi akiwa anafikiri.

Weupe huo ulipata pia mfasiri aliyeupeleka mbali zaidi. Yanagi Muneyoshi, mwanafikra wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1889, alipelekewa chombo cha Joseon mwaka 1914 na tangu siku hiyo hakutulia. Aliipenda Korea kwa dhati, katika zama ambazo nchi yake ilikuwa imeitawala Korea kimabavu. Aliandika kupinga kubomolewa kwa Gwanghwamun, lango kuu la kasri la Gyeongbokgung mjini Seoul, na mwaka 1924 alisaidia kufungua jumba la sanaa za Korea ndani ya kasri hilo hilo. Ila alipoulizwa uzuri wa vyombo vile unatoka wapi, alijibu: huzuni. Weupe ni rangi ya msiba, mistari mirefu inayopinda ni kilio cha taifa lililoonewa. Wakorea wengi baadaye walimkatalia, na mimi niko upande wao. Rafiki wa mtawala anapokuambia kuwa uzuri wako uko kwenye machozi yako, jiulize kama hakupendelea uendelee kulia.

Zaidi ya siasa, jibu lake halifiki mezani. Kuna kidau cha maji kinachopendwa sana Korea, cha mviringo laini kama kuba, ambacho Wakorea wanakiita kidau cha goti. Wengine waliona humo kitu kingine kabisa. Shairi moja la mzaha, ambalo watu hulinasibisha na mshairi mzururaji Kim Satgat wa karne ya 19, linasema malaika wa kike alipoteza titi lake moja mwaka usiojulikana, likaangukia kwenye chumba cha vifaa vya kuandikia. Wanafunzi vijana wanagombania kulipapasa, nalo kwa kuona haya linatiririsha machozi. Basi machozi ya kauri ya Joseon ndiyo hayo! Yanatoka kwenye tundu la kidau, na wanaume wazima waliokariri vitabu vya maadili mwanzo hadi mwisho wanaangua kicheko.

Mapambo ya vyombo hivi nayo ni tamaa tupu iliyovishwa adabu. Pichi ni umri mrefu, kwa kuwa ndilo tunda la wasiokufa. Popo ni baraka, kwa sababu jina lake katika herufi za Kichina linafanana kwa sauti na neno baraka. Mizabibu ni watoto wengi. Samaki anayeruka maporomoko na kugeuka joka ni kufaulu mitihani ya serikali, ile mitihani iliyoamua nani awe ofisa na nani arudi kijijini kwao. Anayesoma vitabu vya kiasi na kujinyima alikuwa amezungukwa, kwa kimo cha goti, na maombi ya pesa, cheo, wana na uzee mwema. Sioni unafiki mkubwa hapo. Naona mwanadamu.

Wafalme waliliona jambo hilo pia, na hawakulifurahia. Rangi ya buluu ya kobalti ilikuja kwa njia ndefu kupitia China. Wakorea waliiita buluu ya Waislamu, maana asili yake ilikuwa nchi za Waislamu huko magharibi, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1754 Mfalme Yeongjo alitoa amri: zamani vyombo vilichorwa kwa rangi ya chuma, sasa nasikia vinachorwa kwa buluu, huu ni ufujaji, kuanzia leo buluu iwe kwa mitungi ya joka ya kifalme tu. Mrithi wake Jeongjo, katika miaka ya 1790, alipiga vita vyombo vya kifahari vilivyochomwa vimoja vimoja ndani ya makasha ya kinga. Ukiitazama karne iliyofuata utaona amri hizo zilifika wapi. Karne ya 19 ndiyo iliyojaa pichi za buluu, vyura wa buluu, mandhari ya buluu kwenye mchemraba mdogo kuliko viberiti viwili. Mtungi mkubwa wa buluu ulionekana toka barabarani. Kidau kilifichika kwenye kiganja, na kwa kiganja anasa ilipita.

Hadi hapa nimeeleza furaha. Sasa tumrudie yule mtumishi wa pili.

Kauri ya serikali ilifinyangwa Gwangju, mkoa wa Gyeonggi, karibu na Seoul, katika matanuri yaliyoitwa Bunwon. Yalisimamiwa na idara ya jikoni ya kifalme tangu miaka ya 1460. (Neno letu kauri ni la simbi na ni la chombo pia, Waitaliano nao waliita udongo huu mweupe kwa jina la simbi hiyo hiyo, kwa sababu ya mng'aro.) Kauri inahitaji udongo mweupe wa kaolini, wa ukoo ule ule wa udongo wa Pugu kule Kisarawe, na inahitaji moto wa nyuzi kama 1,250 hadi 1,300. Udongo ulibebwa kutoka mbali, Yanggu ikiwa mojawapo ya machimbo mashuhuri. Kuni ziliteketeza misitu: kila baada ya miaka kama kumi tanuri lilihamia kilima kingine chenye miti. Mwaka 1752 ndipo lilipotulia mahali pamoja, ukingoni mwa mto Han, ambako magogo yaliweza kuja kwa maji.

Sheria ya nchi ilitenga wafinyanzi 380 kwa kazi hiyo, na kazi ilirithiwa: ukizaliwa mtoto wa mfinyanzi wa Bunwon, nawe ni mfinyanzi wa Bunwon. Hawakuwa na ruhusa ya kwenda kulima kwingine. Na mwaka 1697, kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi ya mfalme, wafinyanzi 39 wa matanuri hayo walikufa kwa njaa.

Isome tena hiyo namba. Watu 39 kati ya mafundi waliokuwa wakitengeneza bakuli za mezani kwa mfalme walikufa kwa kukosa cha kutia bakulini.

Kuanzia miaka hiyo serikali ilianza kufumba macho, kisha kuruhusu: fundi akishatimiza mzigo wa kasri, achome na vya kwake auze apate kula. Nani alikuwa mnunuzi? Wale wale wenye sarangbang. Walikuwa na pesa, walikuwa na macho, na walikuwa na dini ya kiasi iliyowakataza kununua kikubwa. Ndiyo maana nasema vidau vya maji vya karne ya 18 na 19 havikuzaliwa na falsafa ya weupe. Njaa ya fundi ilipokutana na hamu ya msomi, hapo ndipo chura alipotoka. Wanaotueleza sanaa hii kwa maneno ya utulivu na utakaso wameondoa soko kwenye picha, na ukiondoa soko umemwondoa mfinyanzi. Huzuni ambayo Yanagi aliitafuta kwenye mistari ya mitungi ipo kweli. Iko kwenye daftari.

Tuna shahidi wa macho. Yi Ha-gon, msomi na mpenzi wa sanaa aliyefariki mwaka 1724, alikaa Bunwon zaidi ya siku ishirini mnamo 1709, na kwa kuwa alikuwa hana la kufanya akatunga beti fupi kwa lugha ya mtaani kuhusu alichokiona. Ubeti mmoja unasema mchoraji anaionea uchungu buluu, mkato mmoja tu, kana kwamba ni fedha. Mwingine ni mchungu zaidi. Vyombo vya mfalme ni aina thelathini, anasema, lakini bahashishi za kuwapa wakubwa wa ofisi ni mizigo mia nne; uzuri au ubovu wa rangi hauna maana, kosa ni kutokuwa na pesa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kupeleka mzigo kwenye dirisha la serikali akaambiwa "una kasoro" hahitaji maelezo ya ziada.

Halafu ubeti wa tatu. Kuna mzee wa miaka sabini, ukoo wake Park, anayesifika kati ya wote kwa mkono mzuri. Kazi yake ya ajabu kuliko zote ni kidau cha maji cha umbo la chura, na mtungi wake wa pande nane nao una umbo la kupendeza.

Ni hayo tu. Jina lake kamili hatukupewa. Yi Ha-gon, ambaye aliwaandika wachoraji wa tabaka lake kwa majina yao yote, alitosheka na ukoo na umri. Na bado ubeti huo ni hazina, kwa kuwa mafundi wa kauri ya Joseon karibu wote wamepotea bila hata ukoo. Chombo cha mfalme hakikusainiwa.

Nami napenda kwamba kilichochaguliwa kuwa cha ajabu kuliko vyote ni chura. Kufinyanga mnyama mwenye uwazi tumboni si kazi ndogo. Vipande vinaungwa kwa uji wa udongo, na kila kiungo ni mahali ambapo ufa unasubiri. Ukisahau tundu la hewa, chura anapasuka motoni. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja, anapinda akikauka. Rangi nazo zina tabia zao: chuma ni mpole, kobalti ni ghali lakini mtiifu, shaba ina inda. Moto ukizidi shaba inatoweka. Hewa ya tanuri ikikosewa, wekundu unageuka kijivu au kijani. Pichi nyingi za Kikorea zilizopakwa shaba zina mabaka ambayo leo wanunuzi huyasifia kuwa ya asili. Nashuku fundi alipofungua tanuri na kuyaona aligugumia tu.

Si wote walioridhika na kazi ya nyumbani. Park Je-ga, mwanamageuzi aliyerudi kutoka Beijing mwaka 1778 akiwa amejaa wivu wa maendeleo, aliandika kwamba kauri ya Korea ni ya hovyo, mchanga wa tanurini umeganda kitakoni kama punje za wali mkavu. Alikuwa sahihi, na ukigeuza chombo cha Joseon leo mara nyingi utaukuta mchanga huo. Sisi tunaupapasa kwa kidole na kuona ushairi. Yeye aliona nchi isiyothamini mafundi wake, nami naona alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi.

Mwisho wa vyombo hivi ulikuja haraka. Mwaka 1883 serikali iliyafikisha matanuri ya Bunwon mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 1894 mitihani ya serikali ikafutwa, na samaki anayegeuka joka akakosa mahali pa kuruka. Kalamu ya chuma na wino wa chupa vilimaliza kilichobaki, na kidau kikahamia kwenye maduka ya vitu vya kale.

Huko waliviokota watu wa aina mbili. Jeon Hyeong-pil, kijana tajiri wa Seoul, aliuza mashamba ya mpunga mwaka 1937 ili kununua mkusanyo wa vyombo vya kijani vya Goryeo kutoka kwa mwanasheria Mwingereza aliyeishi Japani, John Gadsby. Miongoni mwa mali za Jumba la Gansong alilolianzisha kuna kidau cha maji cha tumbili mama aliyempakata mwanawe, urefu wake kama sentimita kumi. Maji huingilia kwenye utosi wa mama na kutokea kwenye kichwa cha mtoto, ambaye amenyoosha mkono kumgusa mama usoni. Aina ya pili ni Park Byung-rae, daktari, Park mwingine asiye na udugu unaojulikana na yule mzee. Alisimulia kwamba akiwa daktari kijana profesa wake Mjapani alimwonyesha sahani akamuuliza ni ya nchi gani. Hakujua. Ilikuwa ya Joseon. Aibu ile ilimtuma madukani kwa zaidi ya miaka 40, akinunua vidogo vilivyolingana na mfuko wa daktari, vidau vya maji vikiwa vipenzi vyake. Mwaka 1974, mwaka aliofariki, alivitoa zaidi ya vipande 300 kwa Makumbusho ya Taifa ya Korea.

Kati ya hawa wawili, simdharau aliyeuza mashamba, ila moyo wangu uko kwa daktari. Alivinunua kwa namna vilivyouzwa: kimoja kimoja, kwa mshahara.

Ninachokilalamikia ni namna vinavyoonyeshwa. Kwenye makumbusho nyingi kidau cha maji husimamishwa chini ya taa, kikavu, uso wake kwa mtazamaji na tundu lake likiangalia ukuta. Kibao kinataja karne, urefu kwa sentimita, maana ya pichi au popo. Hakuna beseni, hakuna kidole, hakuna tone. Mtoto wa shule anapita akidhani ameona sanamu. Filamu ya dakika moja ya mkono ukiziba na kuachia tundu ingemweleza zaidi ya kibao kizima, na mstari mmoja kuhusu mwaka 1697 ungemweleza nani alilitoboa.

Mimi nikikutana na chura wa kauri huwa napiga hesabu ndogo. Mzee wa miaka sabini mwaka 1709 alikuwa na miaka kama 58 mwaka wa njaa. Kama alikuwa tayari kwenye matanuri yale, na kazi ya kurithi inatufanya tuamini hivyo, basi aliwazika wenzake 39, akarudi kwenye udongo, akakunja mikono ya shati, akafinyanga chura, na kabla hajakauka akamtoboa matundu mawili.